Seti ya Mtego wa Ndoo na Lenzi kwa Shamba la Mahindi: Ni Kifaa Gani Kinachomtambua Mdudu?

Seti hii niliinunua katika duka la pembejeo mjini Morogoro, na nimeitumia msimu mzima wa masika katika shamba la mahindi lililoko tambarare ya Kilosa, nikishirikiana na wenzangu wa kikundi cha wakulima ambao mashamba yao yanapakana na langu. Ndani ya boksi mna mtego wa ndoo wa plastiki wenye kifuniko cha kijani, faneli ya njano na ndoo nyeupe; pakiti ndogo za vivutio vya harufu; kipande cha dawa cha kuulia nondo walionaswa, ambao ndio wazazi wa viwavi; lenzi ya mkono inayokuza mara 10; na kadi ya picha iliyofunikwa kwa plastiki ngumu. Maandishi ya juu ya boksi yanaahidi kwamba mkulima atamjua mdudu aliyeingia shambani kabla hajatoa fedha kununua kiuatilifu. Ahadi hiyo ni nzito, na kwa maoni yangu imetimizwa, ila haikutimizwa na kile kifaa kikubwa kilichobeba sehemu kubwa ya bei. Imetimizwa na lenzi.

Tangu kiwavijeshi vamizi athibitishwe nchini Tanzania na Kenya mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kuripotiwa Afrika Magharibi akitokea mabara ya Amerika, karibu kila kiwavi anayeonekana kwenye mahindi huitwa kwa jina lake. Jani likitoboka, watu husema ni yeye. Bua likianguka, ni yeye. Hindi likiliwa nchani, ni yeye tena. Ukweli ni kwamba mashamba yetu yalikuwa na wadudu wengine kabla yake, nao hawakuhama alipoingia yeye. Yupo kiwavijeshi wa Afrika, ambaye wazee wetu wamemjua siku zote, anayekuja kwa makundi makubwa mara baada ya mvua za mwanzo. Wapo bungua wa mabua wa aina zaidi ya moja. Yupo funza wa vitumba, ambaye wakulima wa pamba wanamfahamu vizuri na ambaye hupenda pia kuingia kwenye ncha ya hindi. Wapo sota, wanaokata miche usiku usawa wa ardhi na kujificha kwenye udongo mchana.

Kuwachanganya wadudu hawa ni hasara ya moja kwa moja. Kiwavijeshi vamizi mdogo anaweza kufikiwa na dawa iliyoelekezwa kwenye moyo wa mmea asubuhi na mapema au jioni, wakati anapokula. Bungua aliyekwisha kuzama ndani ya bua hafikiwi na dawa hiyo hata ukinyunyizia mara tatu, na fedha yote huishia juu ya majani. Kiwavijeshi wa Afrika hataki subira hata kidogo, kwa kuwa kundi likishaanguka linaweza kumaliza majani ya shamba zima kwa siku chache na kuhamia kwa jirani, hivyo kazi ya kwanza ni kumpasha habari bwana shamba na majirani ili hatua zichukuliwe kwa pamoja. Kwa hiyo kifaa chochote kinachodai kutenganisha wadudu hawa lazima kipimwe kwa swali moja: je, kimebadilisha uamuzi wa mkulima kabla hajafungua bomba la kunyunyizia?

Nianze na mtego, kwa kuwa ndio unaouzwa kwa sauti kubwa zaidi. Mtego wa ndoo si mgeni Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako wanakijiji wenyewe walifundishwa kutabiri milipuko ya kiwavijeshi wa Afrika kwa kutumia mtego wa harufu pamoja na kipimo cha mvua, badala ya kungoja taarifa kutoka kituo cha taifa cha utabiri kilichopo Tengeru, Arusha. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri: nondo wa kiume huvutwa na harufu iliyotengenezwa kufanana na ile ya jike, huzunguka, huteleza kwenye faneli, na hufia ndani ya ndoo. Idadi ikipanda ghafla na mvua ikiwa imenyesha, kijiji hujua kwamba huenda viwavi wakaonekana baada ya siku chache, na watu hutoka kukagua majani ya nyasi na mahindi.

Ubora wa mtego wenyewe katika seti hii ni wa kuridhisha. Plastiki yake ni nene, haikupauka wala kupasuka kwa jua, na kifuniko kinazuia mvua isijaze ndoo. Mdomo wa faneli ni mpana kiasi cha kumruhusu nondo kuingia bila kuacha nafasi kubwa ya kutokea. Kufunga ni rahisi: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linashauri mtego uning'inizwe kwenye mti kiasi cha mita 1.5 kutoka ardhini, na kadiri mahindi yanavyorefuka upandishwe ili ubaki sentimita 30 hivi juu ya mimea. Kamba iliyomo kwenye boksi ni fupi kwa kazi hiyo, lakini kamba ya katani inatosha.

Tatizo langu na mtego halihusu plastiki. Linahusu kile ambacho mtego unaweza kusema na kile ambacho hauwezi. Kwanza, unanasa madume peke yake, wakati mayai hutagwa na majike. Pili, nondo wa kiwavijeshi vamizi ni msafiri hodari, anayeweza kuruka kiasi cha kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, hivyo dume aliyeko ndani ya ndoo yangu anaweza kuwa mpita njia tu, na ndoo tupu haimaanishi kwamba hakuna mayai chini ya jani. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote kwa mtu anayetaka kutambua mdudu, harufu haifungulii mlango aina moja tu. Vivutio vya kiwavijeshi vamizi vinavyotumika Afrika vinajulikana kunasa pia nondo wengine, hasa yule aitwaye kitaalamu Leucania loreyi, ambaye ana ukubwa unaokaribiana na wa kiwavijeshi vamizi na rangi ya majani makavu. Mkulima anayehesabu kila nondo aliyemo ndani ya ndoo kuwa ni kiwavijeshi vamizi anaweza kujitangazia uvamizi ambao haupo.

Kuwatenganisha inawezekana, ila kunahitaji mwanga mzuri na subira. Mwaga nondo kwenye karatasi nyeupe, uwageuze taratibu kwa kijiti. Dume la kiwavijeshi vamizi lina bawa la mbele lenye mchanganyiko wa kijivu na kahawia, doa jeupe lenye pembe tatu karibu na ncha ya bawa, na doa la rangi ya maziwa lililolala mshazari katikati. Bawa lake la nyuma ni jeupe, lenye ukingo mwembamba wa kahawia. Kiwavijeshi wa Afrika ana bawa la nyuma ambalo mishipa yake ya kahawia inaonekana wazi. Leucania ana bawa la mbele lisilo na madoa makubwa, la rangi ya nyasi kavu, lenye nukta ndogo nyeupe. Maelezo haya yanasomeka vizuri, lakini nondo aliyehangaika usiku kucha ndani ya ndoo amekwisha kupukutika vumbi la mabawa, na nusu ya wale tunaowamwaga wanabaki na mabawa yasiyosema kitu. Ndiyo maana ninashauri ndoo ikaguliwe mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, na kipande cha dawa kiwekwe kweli, kwa sababu nondo anayekufa haraka hubaki na alama zake.

Kuhusu kipande hicho cha dawa, nina lalamiko ambalo mtengenezaji anapaswa kulichukulia kwa uzito. Onyo lake limechapishwa kwa Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo ambazo mtu wa makamo hawezi kuzisoma bila miwani. Hii ni sumu inayotoa mvuke. Haifai kushikwa kwa mkono mtupu wala kuhifadhiwa jikoni au chumba cha kulala, na mtoto hapaswi kukaribia ndoo. Bidhaa inayouzwa kwa wakulima wa Morogoro haina sababu ya kukosa mistari mitatu ya Kiswahili juu ya jambo hili.

Lalamiko la pili linahusu vivutio. Seti yangu ilikuja na vivutio vya aina mbili, kimoja cha kiwavijeshi vamizi na kingine cha kiwavijeshi wa Afrika, na vyote viwili ni vipande vidogo vya mpira vyenye umbo na rangi moja. Kinachovitofautisha ni jina la kitaalamu lililoandikwa kwenye pakiti ya nje. Ukishafungua pakiti na kuvichanganya mezani, hakuna jicho wala pua ya binadamu inayoweza kukuambia kipi ni kipi, na kuanzia hapo mtego utakuwa unanasa nondo wa aina moja huku daftari likiandika aina nyingine. Rangi mbili tofauti za mpira zingemaliza tatizo hili. Hadi hapo watakapofanya hivyo, fungua pakiti moja kwa wakati mmoja, tumia glavu au kibanio safi ili harufu ya kimoja isihamie kwa kingine, andika tarehe ya kubadilisha juu ya ndoo kwa kalamu ya wino usiofutika, na pakiti ambazo hazijafunguliwa zihifadhi kwenye friji. Kivutio kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya wiki tatu hadi sita kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na kwenye joto la kwetu mimi nisingengoja mpaka mwisho wa muda huo. Kabla ya kulipa, soma tarehe ya kuisha muda wake. Kivutio kilichokaa dukani kwenye joto mwaka mzima ni kipande cha mpira tu.

Sasa lenzi. Ni kifaa kidogo kinachokunjwa, chenye kifuniko cha chuma na tundu la kupitishia kamba ili uivae shingoni. Kioo chake ni cha kweli, si plastiki, na picha haipindi kwenye kingo. Karibu kila jambo ambalo mtego unashindwa kulisema, lenzi inalisema kwa dakika chache, kwa sababu inamwangalia kiwavi mwenyewe, yule anayekula mahindi yako leo.

Siku moja bibi mmoja jirani, ambaye shamba lake liko upande wa mto, alituletea kiwavi ndani ya kifuniko cha chupa ya maji. Tulimwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia na kusema, "Marahaba wanangu. Nitazamieni huyu, kijana wa dukani ananiambia ninunue ile dawa ya bei kubwa." Kwa macho matupu alikuwa kiwavi wa kahawia kama kiwavi mwingine yeyote. Chini ya lenzi, kichwa chake kilikuwa na mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyogeuzwa kichwa chini, na hapo wengi wetu tungeishia na kutoa hukumu. Lakini mstari wa namna hiyo, ingawa huwa hafifu zaidi, unaweza kuonekana kwenye vichwa vya viwavi wengine pia, na hili ni jambo ambalo mabango mengi ya mafunzo hayalisemi kwa uwazi unaotakiwa. Alama ya kuaminiwa iko upande wa pili wa mwili. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, kiwavijeshi vamizi ana nukta nne nyeusi zilizopangika katika pembe za mraba, kubwa na nyeusi kuliko nukta nyingine za mgongoni. Na kwenye pingili nyingine nukta nne hizo zimekaa jozi moja karibukaribu na jozi nyingine mbalimbali. Kila nukta imeota unywele mmoja mfupi. Kiwavi wa bibi hakuwa na mraba huo. Ngozi yake ilikuwa na vinyweleo vifupi vigumu vilivyoifanya ionekane yenye kukwaruza, ubavuni alikuwa na mstari mpana mweupe, na tulipomuuliza alimtoa wapi alisema alimkuta kwenye nywele za hindi, amejichimbia nchani. Alikuwa funza wa vitumba. Mahindi ya bibi yalikuwa yamekwisha kubeba, funza walikuwa wachache, na dawa ile ya bei kubwa isingewafikia ndani ya maganda. Hakuinunua.

Kwa jambo kama hili, lenzi hulipa gharama yake. Masharti ya kuitumia vizuri ni machache: kiwavi awe mkubwa kiasi, kwa kuwa katika hatua mbili za mwanzo alama za kichwa na nukta za nyuma bado hazijakolea, shikilia lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza kiwavi mpaka aonekane vizuri, badala ya kusogeza lenzi, na simama mwanga ukiwa unatokea nyuma ya bega lako. Rangi ya mwili usiitegemee. Kiwavijeshi vamizi anaweza kuwa wa kijani, wa kahawia au wa karibu na weusi, na kiwavijeshi wa Afrika hubadilika zaidi yake: akiwa katika kundi kubwa huwa na mgongo mweusi kama mahameli wenye mistari myembamba, na akiwa peke yake huwa wa kijani. Chini ya lenzi ngozi yake ni laini, haina zile nukta kubwa zenye vinyweleo, na mraba wa nyuma haupo.

Kwa bungua, lenzi inafanya kazi nyingine nzuri sana. Katika tambarare zetu zenye joto bungua anayetusumbua zaidi ni yule mwenye madoa, Chilo partellus, ambaye asili yake ni Asia na ambaye aliingia Afrika kupitia Malawi katika miaka ya 1930. Ukipanda kuelekea milima ya Gairo au Mgeta, kwenye baridi, mwenyeji wa huko ni Busseola fusca, bungua wa asili ya Afrika. Wote wawili ni weupe wa maziwa au wana wekundu hafifu, wote wana vichwa vya kahawia, na wote huishi ndani ya bua, kwa hiyo huchanganywa mara nyingi. Chilo ana madoa meusi yaliyojipanga kwa mistari minne kwenye urefu wa mgongo. Busseola hana madoa yanayojitokeza kwa namna hiyo. Kama bado una shaka, mgeuze tumbo juu na utazame miguu yake minene ya tumboni: kwenye nyayo za miguu hiyo kuna vikulabu vidogo sana, ambavyo kwa Chilo vimezunguka duara kamili na kwa Busseola vimeishia nusu duara. Lenzi ya mara 10 inakufikisha hapo kwa shida kidogo, na ile ya mara 20 ingekuwa bora. Mayai nayo husaidia. Chilo hutaga juu ya jani, mayai yakiwa bapa na yamepandiana kwa safu. Busseola huyaficha nyuma ya ala ya jani, pale inapolikumbatia bua. Na kiwavijeshi vamizi hutaga fungu la mayai 100 hadi 200 lililofunikwa kwa manyoya laini ya rangi ya kijivu.

Uharibifu wenyewe unapaswa kusomwa sambamba na kiwavi. Watoto wa kiwavijeshi vamizi hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Wakikua, hutoboa matundu makubwa yasiyo na mpangilio na kuacha kwenye moyo wa mmea kinyesi kingi chenye unyevu kinachofanana na vumbi la mbao. Kwa kawaida utakuta kiwavi mkubwa mmoja tu kwenye kila moyo wa mmea, kwa sababu hulana wao kwa wao. Watoto wa bungua hula majani yangali yamejikunja, hivyo jani linapofunguka huonyesha matundu madogo yaliyopangika mstari mmoja kukata upana wake. Baadaye jani la katikati hunyauka, na ukilivuta hutoka kirahisi. Kiwavijeshi wa Afrika hula kuanzia ukingoni na mara nyingi huacha uti wa katikati ukiwa umesimama mtupu. Dalili hizi hazipaswi kuhukumiwa peke yake, maana kiwavijeshi vamizi naye anaweza kukausha moyo wa mche mdogo, na hata kuukata chini kama afanyavyo sota. Pasua bua, fungua moyo wa mmea, mtoe kiwavi, kisha mtazame.

Faida nyingine ya lenzi ambayo boksi haliitaji ni kwamba inakuonyesha marafiki. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi huacha vifuko vyeupe vidogo mno karibu na kiwavi aliyekufa, na mtu asiye na lenzi hudhani ni mayai ya mdudu mbaya na kuyafikicha. Mmoja wao, Cotesia flavipes, aliletwa na kuachiliwa Kenya mwaka 1993 na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kwa ajili ya kupambana na Chilo. Kuwatambua ni sababu tosha ya kutopiga dawa shamba ambalo tayari linajitetea.

Kadi ya picha inahitaji kufanyiwa kazi upya. Uchapaji wake ni mzuri na plastiki haikuingiza maji, na ule mchoro wa mraba wa nukta nne umekuzwa vizuri hivi kwamba hata watoto wa shule waliufuata bila maelezo. Lakini kiwavijeshi vamizi ameonyeshwa kwa rangi ya kijani peke yake, na kiwavijeshi wa Afrika kwa rangi nyeusi peke yake, jambo ambalo linamfundisha mkulima kutenganisha wadudu kwa rangi, yaani kwa alama ile hasa isiyoaminika. Mtu akimkuta kiwavijeshi wa Afrika wa kijani, kadi itamtuma kwenye jina la mwingine. Bungua wote wamewekwa ndani ya picha moja yenye neno "bungua" chini yake, na yule wa rangi ya waridi, Sesamia, hayumo kabisa. Nafasi ipo nyuma ya kadi, ambako sasa kuna tangazo la mbegu. Ningependa kuona hapo picha za vichwa na za pingili za nyuma tu, wadudu watano kwa mstari, bila mapambo.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu anunue lenzi wakati simu ipo. Programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO na wengine, inazungumza Kiswahili, hufanya kazi bila intaneti, na imefundishwa kutambua uharibifu wa kiwavijeshi vamizi kwenye majani ya mahindi kupitia kamera. Ninaiheshimu, na kwa mwenye simu inayofaa ninashauri aiweke. Hata hivyo, programu hiyo inasoma jani, na bungua aliyejificha ndani ya bua hayuko mbele ya kamera. Vifaa hivi viwili vinasaidiana: simu ikutahadharishe, mkono umtoe kiwavi, na lenzi imtambue.

Kuhusu matumizi ya fedha, ushauri wangu ni kwamba mtu mmoja mwenye ekari moja au mbili asinunue seti nzima. Mtego uwe wa kikundi, ufungwe mapema kabla ya kupanda, na msomaji wa ndoo awe mmoja anayeandika kwenye daftari moja. Kazi yake ni kupiga kengele: nondo wakiongezeka, wanakikundi waingie mashambani. Lenzi iwe ya kila kaya, na maduka mengine huiuza peke yake kwa bei ndogo mno ukilinganisha na mtego. Ukaguzi ufanyike kwa kutembea shambani kwa mchoro wa herufi W, ukisimama sehemu tano na kutazama mimea 10 kila unaposimama. Ikiwa ni kiwavijeshi vamizi kweli, miongozo ya kanda inashauri mkulima mdogo afikirie kunyunyizia pale mimea michanga iliyoshambuliwa inapofikia kiasi cha asilimia 20, na mimea inayokaribia kutoa mbelewele inapofikia kiasi cha asilimia 40. Mbelewele zikishatoka, dawa haina tija tena kwake. Hesabu hizo hazina maana yoyote kama jina la mdudu limekosewa mwanzoni.

Mtego ninaupa alama tatu kati ya tano, vivutio mbili kwa sababu ya kufanana kwao, kadi mbili, na lenzi tano. Nimemwandikia muuzaji kuhusu rangi za mpira, maandishi ya Kiswahili kwenye kipande cha dawa na picha zinazokosekana kwenye kadi. Anayenunua seti hii kabla ya marekebisho hayo aombe pakiti za vivutio zitenganishwe palepale dukani, moja iwekewe alama ya wino mwekundu, na aijaribu lenzi kwa kusoma herufi ndogo za kwenye pakiti ya mbegu kabla hajaondoka kaunta.